Msimu Nyigu Alipoishiwa Nguvu

Jumatatu, 3 Juni

Msimu umefunguliwa leo na mimi sipo. Nimesimama mlangoni kwa kinyozi, ambaye chumba chake kimepakana na changu, nikatazama bendera za Kaka zikipandishwa gatini. Pikipiki zake za maji za kukodisha zimepangwa kwenye mteremko wa saruji kama viatu mlangoni. Nilikuwa fundi wake tangu alipokuwa na moja tu, ile ya njano tunayoiita Nyigu. Mwaka huu natengeneza jenereta na pampu za visima katika chumba ambacho nikinyoosha miguu nagusa ukuta.

Naandika kwa sababu moja. Mwaka jana, msimu ukielekea kuisha, Nyigu aliishiwa nguvu katikati ya ziwa akiwa amebeba Mwalimu, mzee mstaafu aliyekuwa mteja wetu wa kila Jumapili na anayependa mwendo kuliko vijana. Upepo ukawasukuma hadi kwenye mawe. Mwalimu akavunjika nyonga. Kaka akasimama gatini, mbele ya wateja, majirani na Mama yetu mzazi, akasema mdogo wake alifunga vibaya ringi ya pampu. Hakuniuliza. Hakunitazama hata usoni. Tangu siku hiyo naitwa Fundi Zamisha, na hata wenye jenereta, ambazo haziingii majini kabisa, wananiuliza kama nina uhakika.

Ninalitaka jina langu. Na nataka Kaka alirudishe kwa mdomo wake, mahali palepale, mbele ya watu walewale.

Jumamosi, 8 Juni

Upepo. Kinyozi amekuja na habari kwamba Nyigu amerudishwa gatini kwa kamba, mteja juu yake amenuna. Nimecheka mpaka spana ikaniponyoka.

Jumapili, 9 Juni

Kamba tena. Siku njema.

Jumamosi, 15 Juni

Kaka ameleta fundi kutoka mbali, mwenye sanduku la vifaa linalong'aa na miwani iliyopandishwa kichwani. Amebadilisha ringi ya pampu. Mchana Nyigu kavutwa kwa kamba. Kinyozi anasema yule fundi aliondoka bila kuaga. Ringi imebadilishwa tena na tena tangu nifukuzwe, maana Kaka akishasema kitu mbele ya watu hawezi kutafuta kitu kingine. Atabadilisha ringi mpaka ziwa likauke, nami nitakuwa hapa nikinywa chai na kuangalia.

Ijumaa, 21 Juni

Leo Wifi kaja. Mke wa Kaka, ambaye tangu mwaka jana tukikutana njiani anakumbuka ghafla kwamba kuna kitu upande wa pili wa barabara. Kaja na gari dogo, nyuma yake trela, juu ya trela Nyigu kafunikwa turubai kama mgonjwa.

"Hodi, wifi."

"Mwaka mzima hujanisalimia. Leo umeona mlango?"

"Salamu nilikuwa nazo, uso ndio sikuwa nao," akasema. "Usinitolee macho. Kaka yako kasafiri, anarudi Jumatano. Nimemwambia nampeleka huyu kwa fundi wa ng'ambo. Wewe ndiye fundi wa ng'ambo."

Nikamwambia amrudishe alikomtoa. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Akanisikiliza hadi nikachoka, kisha akakaa kwenye ndoo yangu ya oili, akiwa na nguo zake nzuri.

"Wifi, unadhani ni mimi niliyemtia maneno?"

"Nani mwingine?"

"Siku ile usiku nilimwambia, tumwite mdogo wako, tumuulize kwanza. Alinifokea. Tangu anioe hajawahi kunifokea. Nikanyamaza, na nimenyamaza mpaka leo, na sijisifu."

Mwaka mzima nilikuwa nimemweka Wifi kwenye orodha yangu ya walionikosea, nafasi ya pili, karibu kabisa na ya kwanza. Sikumtoa leo. Nimemsogeza kidogo tu.

Nimempokea Nyigu. Wifi anadhani nimelainika. Sijalainika. Ugonjwa wa Nyigu mwaka huu huenda ndio ule wa mwaka jana, na kama ndio, basi huyu kwenye trela ni shahidi wangu.

Jumamosi, 22 Juni

Alfajiri nimemshusha majini kwenye ghuba ya nyuma, nikamfunga kwa kamba nene kwenye nguzo ili avute bila kwenda popote, nikavuta mafuta taratibu. Pikipiki ya maji haina gurudumu wala pangaboi la nje. Injini inazungusha pangaboi ndani ya pampu, pampu inanyonya maji chini na kuyatupa nyuma kwa nguvu, ndiyo mwendo wenyewe. Kwa hiyo ikiishiwa nguvu kuna swali moja la kwanza, na yeyote asiyeuliza swali hilo anacheza. Je, injini inapiga kelele na chombo hakiendi, au injini yenyewe haipandi?

Ikipiga kelele bila kwenda, pampu ndiyo mbovu: ringi imelika, maji yanapita pembeni, au takataka zimeziba. Isipopanda, pampu haina hatia.

Nyigu alipanda hadi nusu, akakohoa, akabaki hapo. Nikambana zaidi, akashuka. Hakupiga kelele hata kidogo.

Nimerudi nyumbani nikiimba, na mimi siimbi.

Jumapili, 23 Juni

Ili asije mtu akasema nimependelea, nimekagua pampu yote. Wavu wa chini ni safi. Pangaboi halijapinda. Ringi mpya kabisa, maskini, haijafanya kosa lolote. Petroli nimeitoa kwenye chupa nyeupe nikaiacha itulie: hakuna maji chini yake. Chujio la hewa kavu.

Kesho nafungua plagi.

Jumatatu, 24 Juni

Nyigu ana silinda tatu. Plagi ya kwanza, kahawia, afya njema. Ya pili vilevile. Ya nyuma, iliyo karibu na eksozi, ilitoka na kutu.

Nikaweka geji ya mgandamizo. Mbili za kwanza zinasukuma kama fahali. Ya nyuma inasukuma kama mtu aliyelazimishwa. Nikadondosha oili kidogo ndani, nikapima tena, ikapanda. Maana yake ukuta wa silinda umeliwa na upepo unapita pembeni ya pistoni. Kifuniko cha oili kwa ndani kina utando mweupe. Maji yameingia kwenye injini hii, na si mara moja.

Yameingilia wapi? Tumbo la chombo ni kavu. Njia ya hewa ni kavu. Inabaki njia moja, eksozi.

Nilikaa chini nikajua.

Kila jioni pikipiki ya maji huoshwa ndani kwa mpira wa maji wa bombani, unaochomekwa kwenye tundu lake maalumu. Injini lazima iwe inaunguruma kwanza, ndipo bomba lifunguliwe, kwa sababu moshi wake ndio unaoyapuliza maji nje. Ukifungua bomba injini ikiwa imezimwa, maji yanajaa kwenye eksozi, hayana pa kutokea, yanarudi nyuma hadi kwenye silinda. Kumaliza ni kinyume chake: unafunga bomba kwanza, injini inamalizia kutema, ndipo unaizima. Hilo nilimfundisha Kaka mwenyewe. Kaka, ambaye kila jioni hakubali mfanyakazi yeyote aguse mpira ule, eti vyombo ni vyake.

Basi ni yeye. Anafungua bomba huku anaongea na simu, anajiona bosi, maji yanarudi ndani. Kaniharibia jina kwa upuuzi wake mwenyewe. Nimepiga meza kwa mkono hadi kinyozi akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta kama niko salama. Nikamwambia sijawahi kuwa salama kiasi hiki.

Jumanne, 25 Juni

Wifi kamchukua Nyigu kabla Kaka hajarudi. Nimemwambia mgonjwa ameonekana, dawa bado. Nikamwambia pia asimkodishe kwa mtu yeyote. Akaahidi kujaribu.

Jumatano, 3 Julai

Vumbi. Ziwa limeshuka, mawe yameanza kuonekana. Hakuna cha kuandika.

Jumamosi, 6 Julai

Pampu ya kisima cha Mwalimu imekufa, na fundi mwingine wa pampu hapa hakuna. Kanitumia ujumbe mkavu: "Njoo. Sina mwingine."

Nimeenda. Anatembea na fimbo sasa, hatua fupifupi, na uso anaugeuza kila nikimkaribia. Nimefunga pampu yake, maji yakatoka, nikanawa mikono. Nilitakiwa kuondoka.

"Mwalimu, nikuulize kitu kimoja tu kuhusu siku ile."

"Mimi na wewe hatuna mazungumzo ya siku ile."

"Moja tu. Injini ilipiga kelele?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. Ni mtu aliyefundisha hesabu miaka mingi, swali lenye umbo linamvuta hata akiwa na hasira.

"Kelele ya namna gani?"

"Kama gari lililokwama kwenye tope. Inalia sana, haiendi."

"Hapana," akasema. "Haikulia. Ilikohoa." Na mzee yule, amesimama na fimbo yake uani, akanitolea mlio wote, koo lake likipanda, likikwama, likishuka: "Nnnn-kho, nnn-kho-kho, nn." Jirani akachungulia dirishani. "Nilivuta mafuta, ikazidi kushuka. Kwa nini?"

Nikamwambia kwa nini. Ringi mbovu ingelia. Hii ilikohoa. Ringi yangu haikuwa na kosa.

Alikaa kwenye kiti polepole.

"Basi nimekuchukia bure," akasema.

"Siyo bure, Mwalimu. Ulikuwa umekosea mtu tu. Mwenyewe nitakuletea."

Nilipotoka nilikuwa nimejaa furaha. Na ilikuwa furaha mbaya, sitaipaka rangi.

Jumapili, 7 Julai

Sasa nataka ushahidi ambao Kaka hawezi kuuzungushia maneno. Nimempigia Wifi.

"Jioni anapoosha Nyigu, nirekodie kwa simu. Anza kabla hajagusa bomba, usiache mpaka amalize."

"Wifi, unamtega mume wangu."

"Ndiyo."

Nikamsikia akifunga mlango. Kisha akasema, "Nilipokaa kwenye ile ndoo yako nguo iliharibika. Utanilipia nguo." Akakata. Huyo ni Wifi akikubali.

Alhamisi, 11 Julai

Bado. Kaka kakaa ofisini hadi giza.

Jumapili, 14 Julai

Video imekuja wakati nakula. Nimeiangalia nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimeiangalia tena.

Ni jioni, gati limeshakuwa tupu. Nyigu yuko kwenye mteremko, peke yake karibu na bomba. Anatokea mtu, kafunga kitambaa kiunoni, kavua viatu. Si Kaka. Ni Mama.

Mama anachomeka mpira kwenye tundu kwa ustadi, kama mtu aliyefanya hivyo mara nyingi. Anafungua bomba hadi mwisho. Injini imezimwa. Maji yanaingia. Yeye anachukua sponji, anamsugua Nyigu mgongo na ubavu, anamsemesha: "Umechafuka leo, eee, wamekupanda na miguu yao michafu." Anamwosha kama alivyokuwa akituosha sisi, bila haraka, anarudia nyuma ya usukani kama nyuma ya masikio. Maji yanaingia muda wote huo.

Halafu anaita, "Haya baba, njoo uwashe, unyevu utoke!"

Na Kaka anakuja. Hii sehemu ndiyo nimeirudia. Anautazama mpira unaotiririka. Anaitazama injini. Uso wake hauna mshangao hata chembe. Anafunga bomba, anasema "Asante Mama, nenda kapumzike," anasubiri Mama apande ngazi, kisha anafungua kiti, anatoa plagi na kuanza kuyakausha maji kwa tambara. Mikono inajua njia.

Alijua. Mwaka jana alijua.

Jumatatu, 15 Julai

Sikufanya kazi.

Jumanne, 16 Julai

Sikufanya kazi. Kinyozi kaleta chai, kaondoka nayo ikiwa imepoa.

Jumamosi, 20 Julai

Nimemwita Kaka chumbani kwangu. Alikuja akainama mlangoni, ni mrefu kuliko mlango. Nimempa simu aangalie, sikumkaribisha kiti.

Alipomaliza aliiweka mezani taratibu, kioo chini.

"Nani mwingine kaiona?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Siyo "mdogo wangu nisamehe."

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ileile. Nilifungua plagi, maji yakaruka. Nikakumbuka nimemwona na mpira jioni iliyotangulia." Alijipangusa uso. "Ulitaka nifanye nini? Nimwambie Mama kwamba ni yeye aliyemvunja Mwalimu nyonga? Na kila asubuhi anaomba dua kwa ajili ya nyonga hiyo? Angekufa."

"Kwa hiyo nife mimi."

"Wewe una mikono. Nilijua utapata kazi popote."

"Nimeipata. Nyoosha miguu uone."

Hakunyoosha. Nikamuuliza kwa nini hakumkataza. Akasema alimkataza. Alimwambia apumzike, Mama akajibu kuosha ndiko kupumzika kwake, mtu aliyeachiwa nyumba na televisheni tu anaoza. Basi Kaka, mtu mzima, mwenye biashara, akaukata mpira wa maji ili umfikie Nyigu tu na usifike kwa wengine. Alimtoa Nyigu kafara. Na akatutoa wawili, Nyigu na mimi, alimradi asiseme sentensi moja kwa mama yake.

"Na bado unamkodisha," nikasema.

"Karibu na gati tu."

"Karibu na gati pana mawe, msimu huu hata kipofu anayaona. Unamtafuta nani mwingine wa kumvunja nyonga? Nipe ufunguo wake."

Alinipa. Kisha nikampa masharti. Jumapili ya mwisho ya msimu kila mwaka Kaka huwakusanya watu wote gatini, anawashukuru, wanakunywa soda, wanapiga picha. Siku hiyo atasimama atasema ringi yangu ilikuwa sawa. Atasema ni yeye aliyeua injini kwa kuosha vibaya, kwamba alijua, na kwamba alinisingizia. Yeye. Jina la Mama lisitajwe.

"Nitapoteza wateja."

"Ndiyo."

"Na nisipofanya?"

"Video ina dakika za kutosha, na kinyozi ana wateja wengi wanaopenda video."

Alinitazama kama hanijui. Nisingeionyesha kamwe, ni Mama yule. Lakini Kaka hakujua hilo, kwa sababu yeye angeweza. Aligonga kichwa kwenye fremu ya mlango akitoka na sikumwambia pole.

Jumapili, 28 Julai

Nyigu yuko kwangu, injini iko mezani vipandevipande. Nimesafisha silinda ya nyuma, nimetia ringi mpya za pistoni. Wifi huja jioni kushika tochi na kusengenya. Nimegundua ana ulimi mkali na mzuri, tumepoteza mwaka mzima bure. Nimemtoa kwenye orodha. Nafasi ya kwanza bado ina mwenyewe.

Nimemwomba Wifi amshughulishe Mama jioni hadi msimu uishe. Kampa mapazia ya kushona. Mama kalalamika kwamba mapazia hayachafuki.

Jumamosi, 3 Agosti

Nyigu majini. Nimevuta mafuta, kapanda, kapanda, kapanda, hadi nikaogopa. Amepona.

Jumapili, 11 Agosti

Mawingu ya kwanza. Wiki moja imebaki. Kila nikifumba macho namwona Kaka amesimama mbele ya watu akitafuta mate ya kumeza.

Jumapili, 18 Agosti

Niandike yote kama yalivyokuwa.

Anga lilikuwa zito tangu asubuhi. Nilienda na Nyigu kwenye trela, nikamweka mahali pake pa zamani, karibu na bomba. Watu walinipisha kama unavyompisha mtu mwenye ndoo ya rangi. Fundi Zamisha, nikasikia nyuma yangu, mtu akacheka. Mwalimu alikuwa kapewa kiti mbele. Mama alikuwa kando yake, kavaa vizuri, kanishika mkono akaniuliza kwa nini nimekonda.

Kaka alisimama kwenye ngazi ya ofisi. Alianza na shukrani, akazirefusha. Nikapiga hatua moja mbele. Akaniona, akameza mate, na nakiri nilikuwa nayasubiri mate yale.

"Kuna jambo la mwaka jana," akasema. "Nilisema ringi ya mdogo wangu. Ringi ilikuwa sawa. Injini iliharibika kwa sababu ya kuoshwa vibaya. Ni mimi. Nilijua siku ileile, nikamsingizia yeye."

Vichwa viligeuka kwangu. Kisha minong'ono ikaanza, na kila mnong'ono niliunywa kama maji baridi. Yule aliyecheka nilimtafuta kwa macho mpaka akatazama viatu vyake. Nilikuwa nimesubiri mwaka mzima na ilikuwa tamu kuliko nilivyowaza. Ningeweza kusimama pale hadi kesho.

Mwalimu akagonga fimbo sakafuni. "Kuoshwa vibaya vipi? Eleza."

Kaka alinitazama. Akaninyooshea mkono. Nikaeleza mimi, kwa raha zangu, kwa sauti ya kufika hadi kwa kinyozi aliyekuwa nyuma kabisa. Injini iwashwe kwanza, ndipo bomba lifunguliwe. Ukifungua bomba injini imezimwa, maji yanarudi ndani na kuiua. Mtoto mdogo aliyekuwa mabegani kwa baba yake akarudia: "Injini kwanza!" Watu wakacheka, wingu likadondosha matone machache juu yetu na kuacha.

Mama hakuwa anasikiliza. Tangu Kaka aliposema "nikamsingizia" macho yake yalikuwa yamemkaa mwanawe usoni, hasikii kitu. Alisimama.

"Umemfanyia dada yako hivyo?" akasema. "Mwaka mzima mtoto wangu anaitwa majina, nami nakaa nyumbani kwako nakula chakula chako, nakuombea, kumbe ni wewe? Kuosha tu? Kuosha kumekushinda?"

"Mama, tukaongee ndani."

"Ulisemea hapa, nami nasemea hapa. Kuanzia leo usiguse mpira. Nikuonyeshe mtu anavyoosha kitu cha watu."

Alikuwa ameshavua viatu. Nilikuwa mbali naye, umati uko katikati, na nilikuwa bado nafurahi, niliona miguu yake mitupu kwenye saruji na sikuelewa. Alichukua mpira, akauchomeka kwa Nyigu kwa ule ustadi wake. Akafungua bomba hadi mwisho. Injini imezimwa.

Maji yaliingia. Watu wote walikuwa wametoka kufundishwa. Yule mtoto mabegani akasema tena, kwa sauti nyembamba, "Injini kwanza, bibi."

Baba yake akamziba mdomo. Wakati huo Kaka alikuwa anakimbia, nami nasukuma watu, tukafika bombani pamoja, mikono yetu ikagongana, tukafunga.

Mama alikuwa na sponji mkononi. Alimtazama yule mtoto. Alimtazama Mwalimu, fimbo yake, mguu wake. Mwalimu alitazama ziwani, na sijawahi kuona mtu akijitahidi hivyo kutoelewa. Kisha Mama akatutazama sisi wawili tuliokuwa tumeinama pale, mkono wangu juu ya mkono wa Kaka.

"Mlijua," akasema. "Wote wawili."

Kaka akauchomoa mpira. Mvua ikaanza, na hakuna mtu aliyekimbilia barazani.

Jumatatu, 19 Agosti

Mvua. Mama alitoka asubuhi peke yake na mwavuli, kakataa kusindikizwa. Wifi anasema alienda kwa Mwalimu, akakaa huko hadi mchana. Waliyoongea hajasema. Kaka kafunga gati.

Alhamisi, 22 Agosti

Watu wameanza kuleta kazi. Boti mbili, injini tatu, mmoja kaniita "Fundi" kavu bila kiambatanisho, akasubiri nitabasamu. Kaka alikuja mlangoni akasema rudi gatini, nakuomba. Nikamwambia sijasikia. Akarudia kwa sauti ya kusikika kwa kinyozi. Nikamwambia nitafikiria. Kinyozi alizima mashine yake ili asikose neno.

Jumapili, 25 Agosti

Nimeenda kumwona Mama. Alikuwa chumbani kwake kwa Kaka, mapazia ya Wifi mapajani, anafumua aliyokwisha kushona ili ashone tena. Nimemwambia twende gatini, nikufundishe mpangilio, ni kitu kidogo tu, utaosha Nyigu kila jioni kama zamani.

"Kaka yako alinificha mwaka mzima," akasema. "Wewe ulitaka kunificha maisha yangu yote. Mwenzio angalau alinihurumia. Wewe ulikuwa na shughuli zako."

"Mama, sikutaka wewe ujue."

"Najua ulichotaka. Niliuona uso wako Kaka yako alipokuwa anasema. Naye pia nilimzaa mimi." Akakata uzi kwa meno. "Haya. Jina lako umelipata. Umeridhika?"

Nilitaka kusema hapana. Mama huwa anajua nikidanganya, tangu utotoni.

"Kwa Kaka, ndiyo."

"Basi nenda kafanye kazi."

Hakunifukuza kwa hasira. Aliinamia pazia lake na kunyoosha mshono kwa kidole, na nilikaa kidogo nikisubiri aniulize kama nimekula. Hakuuliza.

Nimepitia gatini. Kaka alikuwa peke yake na Nyigu, mvua imetulia, mpira mpya mrefu mkononi. Hakuniona. Nilisimama nyuma ya ofisi nikamwangalia tangu mwanzo hadi mwisho, nikiomba akosee. Aliwasha injini kwanza.